Mgawo wa Fisi

Mwanga ulikuwa wa njano, mzito, wa kumwagwa. Ulimwagika kutoka kwenye taa nne zilizofungwa chini ya roshani ya mbao, ukateremka juu ya majani makavu, ukasimama ghafla pale giza linapoanzia, kama maji yaliyofika ukingoni mwa karai. Katikati ya mwanga huo alisimama fisi. Mgongo umeinama, macho yamewaka, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu aliyesikia akiitwa. Juu yake, kwenye roshani, watu waliovaa nguo na kofia za rangi ya vumbi wameshika bilauri na wanacheka.

Ilikuwa picha tu. Picha ya kurasa mbili katikati ya kijitabu cha karatasi nzuri, karatasi inayoteleza, karatasi inayonukia duka. Kijitabu kilikuwa mezani, sebuleni, Jumapili baada ya ibada, kati ya kopo la sukari na chupa ya chai. Lakini mama aliyekitazama alisikia harufu nyingine. Alisikia mafuta yaliyoganda, mchuzi uliolala, mfupa uliopita midomo miwili na ulikuwa njiani kwenda wa tatu.

Kinyaa kilimpanda. Kilianza tumboni, kikapita kifuani, kikafika kooni, kikakaa.

"Umeona, mama?" mwanawe alimwambia. "Wanakuja mpaka miguuni pako."

Akasema ameona.

*

Majirani walimwita Mama Shuka. Kwa miaka ishirini na sita alifua mashuka kwenye hoteli ile ile ya kijitabuni, hoteli ya porini, mwendo wa saa nzima kwa gari la wafanyakazi. Alistaafu na magoti mabovu, vidole vilivyochubuka, na cheti cha shukrani ambacho meneja alikitia sahihi huku akiongea na simu.

Sasa alikuwa anatimiza miaka sabini, na watoto wake wawili walitaka kumpa zawadi. Kifunguamimba wake, binti, alikuwa nesi wa wodi ya wazazi. Aliongea polepole na kukunja kila alichoshika, hata karatasi ya pipi. Mdogo wake alikuwa fundi umeme. Aliongea kwa haraka na kukumbuka kila kitu, isipokuwa alipoacha koleo lake. Na zawadi yenyewe ilikuwa hii: siku tatu za kutazama wanyama, familia yote, kwenye hoteli ile, upande wa wageni.

"Safari hii wewe ndiye utakayechafua," fundi alimwambia mama yake. "Wao wafue."

Mjukuu, binti wa fundi, mwenye miaka tisa na pengo moja la jino, alitaka kujua kama bibi alikuwa anaona simba kila siku.

"Simba sikuwaona," bibi alisema. "Niliona soksi za watu walioona simba."

Wakacheka wote. Yeye alicheka kwa mdomo tu, kwa sababu kilichokaa kooni hakikumpa nafasi zaidi ya hiyo.

Hoteli ilikuwa imewashikia nafasi ya vyumba kwa wiki mbili. Jumapili ya tatu wangetaka jibu. Akikubali, atapanda roshani ile, ataketi kwenye kiti cha kamba, ataangalia chini na kupiga makofi. Akikataa, ataulizwa kwa nini. Na jibu la kwa nini lilikuwa tumboni mwa watoto wake tangu wadogo.

*

Nani anaujua uchafu kama anayefua vyeupe?

Watu wa rangi zote, wa lugha zote, waliotoka mbali kuja kutazama viumbe wa Mungu, na shuka lao lilikuwa lile lile. Lilikuja kwenye toroli likiwa limejiviringa kama aibu. Alilikunjua. Akakutana na divai, akakutana na poda ya uso, akakutana na damu, matapishi, chokoleti, nywele, jasho la watu wawili ambao kwenye kitabu cha mapokezi hawakuandikwa pamoja. Aliloweka, akasugua, akasuuza, akaanika, akapiga pasi, akakunja pembe kwa pembe. Jioni shuka likarudi chumbani jeupe, halijui kitu, halijaona kitu. Kesho likarudi kwake.

Chumba cha kufulia kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lilitazama ukuta. Kwa miaka ishirini na sita ndani ya pori, alimwona twiga mara moja, shingo tu, ikipita juu ya ukuta taratibu, kama mtu anayetafuta choo kwenye nyumba ya ugenini.

Hakulalamika. Shuka lilifulika. Kila doa lilikuwa na dawa yake, na yeye alizijua zote. Alimshukuru Mola kwa kazi, akamwomba nguvu za mgongo, akapewa siku baada ya siku, kwa kadiri ya siku.

Shuka lilifulika. Ndoo ndiyo haikufulika.

*

Ndoo ilikuwa ya bluu, yenye mkono wa waya. Kila jioni, wageni wakiwa bado bafuni wanajimwagia maji, mpishi mkuu aliijaza mabaki ya mchana. Nyama yenye alama za uma. Mfupa uliotafunwa nusu. Ngozi ya kuku iliyokataliwa na mtu anayejali afya yake. Vijiti vya kuchokolea meno. Karatasi za kufutia mdomo, zenye midomo myekundu imebaki juu yake, imefunguka, kama inataka kuongezewa.

Kisha mpishi alimwita dobi. Njia ya kwenda chini ya roshani ilipita nyuma ya chumba cha kufulia. Na mtu ambaye mchana kutwa anashika uchafu wa wageni, ndoo moja zaidi itamfanya nini?

Alimwaga mahali pale pale kila siku, kati ya mawe matatu, kwenye majani makavu. Akafunika kidogo kwa mguu ili isionekane kutoka juu. Akaondoka haraka. Taa nne zikawashwa. Fisi wakaja. Kule juu wageni wakavuta pumzi, wakashikana mikono, wakanong'ona. Mwongozaji wao aliwaambia kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliye mahali patakatifu, kwamba pori halina ratiba, kwamba mnyama huja akitaka mwenyewe, kwamba leo wamebahatika.

Kila siku walibahatika. Kila siku, saa ile ile, kati ya mawe yale yale.

Wakapiga makofi. Na yeye, nyuma ya ukuta, akiosha mikono kwa sabuni ya mche, aliyasikia makofi yale, akajiuliza wanampigia nani. Fisi kwa kula? Mungu kwa kuumba? Au wanajipigia wenyewe, kwa kuwa walikula wakashiba, na sasa wanatazama mate yao yakiliwa na mwingine?

Kinyaa kilimpanda. Kilianza tumboni, kikapita kifuani, kikafika kooni. Siku zile alikuwa kijana. Alikimeza, akapanda gari la wafanyakazi, akaenda nyumbani.

*

Mwaka ambao mume wake alifariki, ndoo ilianza kuwa nyepesi.

Nyepesi kidogo tu. Kipande kimoja, cha juu, ambacho hakijagusana na karatasi za midomo. Halafu viwili. Halafu mfupa wenye nyama ya kutosha. Mlangoni mwa jiko palibandikwa amri kwa herufi kubwa: chakula cha wageni hakitoki nje ya hoteli. Kikimwagiwa fisi, hakijatoka. Kikienda kwa yatima wawili, ni wizi.

Basi aliiba. Tuseme neno lenyewe, maana yeye mwenyewe alilisema kila alipopiga magoti. Aliingia na ndoo nyuma ya chumba cha kufulia, akachagua kwa vidole, akatia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga ndani ya aproni chafu, akaitia aproni kapuni. Halafu akaenda kuwapa fisi kilichobaki.

Nyumbani aliifua nyama ile. Hakuna neno jingine. Maji ya moto, chumvi, maji ya moto tena, mara tatu, kama shuka lenye doa la divai. Alikata kwa kisu kila alama ya uma. Alichemsha mpaka chumba kizima kikatoka jasho. Watoto walikaa kwenye mkeka wakisubiri, wakinusa, wakihesabu mfuniko unavyoruka. Kijana alikula kwa mikono yote miwili, akalamba vidole mpaka kwenye kiganja. Binti alikula polepole, akiangalia sahani yake.

Na mama hakuweza kushukuru. Aliweza kuiba, aliweza kupika, aliweza kuangalia wanavyomeza. Lakini kufumba macho na kumwambia Mola asante kwa hii, hapo ulimi ulimganda. Mungu gani atashukuriwa kwa mate ya watu?

Akamwambia binti yake, "Omba wewe, mwanangu. Mimi nimechoka."

Binti aliomba. Miaka minne, kila jioni ya nyama, aliomba yule mtoto, kwa sauti ndogo isiyofika hata kwenye dari. Mama hakusikia maneno. Hakutaka kuyasikia.

*

Kulikuwa na fisi mmoja jike, sikio limechanika, mguu wa nyuma anauburuta. Alikuwa wa kwanza kufika siku zote, pengine kwa sababu alijua kwamba wenye miguu minne mizima wangempita. Siku moja alifika kabla ya taa. Dobi alikuwa bado anafunika majani kwa mguu, kapu liko begani. Fisi alisimama hatua kumi hivi. Hakunguruma. Alinyoosha pua. Pua haikuelekea kwenye mawe matatu. Ilielekea kwenye kapu.

Alijua. Yule mnyama alijua, pale pale, kwa pua yake, kile ambacho meneja na mpishi na mwongozaji na wageni wote hawakujua.

Mwanamke alisimama. Kapu hakuliachia. Akamwambia fisi kwa sauti ya kawaida, ya jirani kwa jirani, "Nina watoto."

Fisi alimtazama. Chini ya tumbo lake maziwa yalikuwa yamevimba, yananing'inia, yana vumbi. Naye pia alikuwa nao.

Wakatazamana hivyo, mama na mama, na ndoo ya bluu katikati yao. Kisha fisi akageuza kichwa, akaenda kwenye mawe, akaanza na karatasi, kwa sababu ndizo zilizokuwa juu. Alikula midomo ya watu iliyochorwa kwenye karatasi. Taa zikawaka. Makofi yakapigwa.

Tangu siku ile mama hakutia nyama mdomoni. Watoto walipokua na kuanza kununua nyama yao wenyewe, ya buchani, nyekundu, safi, walidhani meno yamemchoka. Majirani walidhani ni mfungo wa mtu mcha Mungu. Akawaacha wadhani.

*

Jumapili ya pili waliandika orodha. Nesi aliandika, fundi alitaja, mjukuu alikosoa. Darubini. Dawa ya mbu. Kofia. Viatu vya kufunga. Fundi alisema safari ya wanyama haiendewi na nguo nyekundu wala za maua, lazima uvae rangi ya vumbi, ili ufanane na mahali. Mjukuu aliuliza kama wanyama hawajui kwamba gari ni gari. Baba yake akamwambia asimharibie zawadi bibi yake.

Kisha fundi alitoa mfuko uliokuwa nyuma ya kochi, uso umemchanua. Ndani mlikuwa na kofia pana ya rangi ya vumbi, yenye kamba ya kufunga kidevuni. Alimvalisha mama yake mwenyewe, akairekebisha, akarudi hatua moja nyuma kama anayetazama balbu aliyoifunga.

"Mgeni rasmi huyo," alisema.

Mama alisimama mbele ya kioo cha kabati. Alimwona mwanamke wa roshani. Kofia ile ile, kamba ile ile. Kilichokosekana ni bilauri tu.

Ewe taa ya njano, umenifuata mpaka sebuleni kwangu? Nilikupa kila jioni ulichotaka. Nilikulishia wanyama wako, nilikufulia watu wako. Bado unanitaka na mimi nikae juu, nishike bilauri, nicheke?

Kinyaa kilimpanda, na safari hii hakikuwa cha wengine. Alijiona mwenyewe akiwa na watoto wake roshani, mlo umeisha, mifupa yao imebaki sahanini. Alimwona mwanamke mwingine, dobi wa sasa, ambaye hamjui jina, akiinama nyuma ya ukuta na ndoo. Akaona ndani ya ndoo mfupa wa mwanawe. Akaona mkono wa dobi ukisita juu yake, ukichagua.

Alivua kofia. Akasema inambana.

Usiku huo na asubuhi zake zote za wiki ile aliomba. Hakuomba kwa maneno mengi, magoti hayakuruhusu. Alisema: Mola wangu, kama kuna njia ya kusema bila kusema, nionyeshe. Wamenipandisha juu, watoto hawa. Wakiwa na watu wananitaja mimi. Kijana wangu mpaka leo anawaambia mafundi wenzake kwamba hakuna nyama kama ya mama yake. Nikisema, nitamtoa mdomoni tonge alilomeza miaka thelathini iliyopita. Nisiposema, nitapiga makofi.

Alisubiri. Hakuonyeshwa njia ya tatu.

*

Jumapili ya tatu nesi alishika simu, tayari kupiga. Chai ilikuwa imemiminwa. Mjukuu alikuwa amepewa kazi ya kusoma kwa sauti yote yaliyomo kwenye ratiba, kwa kuwa ndiye mwenye macho mazuri, na alisoma kama mtangazaji wa redio, akivuta maneno.

Alisoma siku ya kwanza: kupokewa kwa vinywaji baridi. Alisoma siku ya pili: kuamka alfajiri, kutazama tembo. Akafika kwenye kurasa mbili za katikati.

"Kila jioni," alisoma, "wanyama wa mwituni huja chini ya roshani yetu kwa hiari yao, bila kuitwa na mtu yeyote..."

"Waliitwa," bibi alisema.

Mtoto akainua macho, kidole juu ya mstari.

"Niliwaita mimi. Kwa ndoo."

Akawaambia. Aliwaambia kama anavyofua, hatua kwa hatua, bila kuruka. Ndoo ya bluu, mawe matatu, majani ya kufunika. Alama za uma. Karatasi za midomo. Fundi alianza kucheka, akidhani ni kisa cha kazini, akamwuliza fisi walikuwa wanapenda nini zaidi, kuku au ng'ombe. Mama alimtazama, akaendelea: mwaka baba yenu alipofariki. Mfuko wa nailoni. Aproni. Kapu.

Kicheko cha fundi kilikatika kama umeme.

Mtoto aliacha kukoroga chai yake.

"Na ile siku ya mfupa?" fundi aliuliza.

Walijua wote ni siku gani. Alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la saba, na mama alimletea mfupa mkubwa kuliko mkono wake, wenye uboho ndani. Aliugonga kwenye jiwe, akaunyonya, akatembea nao barazani ili wenzake waone. Alisimulia siku ile kwenye harusi yake, mbele ya watu mia mbili.

"Hata ule," mama alisema.

Fundi aliinuka. Alitoka uani. Walimsikia akikohoa karibu na karo, akifungua bomba, akisukutua, akitema, akisukutua tena. Mtu mzima, mwenye ndevu, akiosha kinywa chake cha umri wa miaka kumi na tatu. Kila alipotema, mama alifumba macho. Alikijua kilichompanda mwanawe, alijua kilianzia wapi na kilipita wapi. Alikuwa amekibeba peke yake miaka yote ile ili kisimfikie. Sasa kimemfikia.

Nesi aliiweka simu mezani. Alikunja kitambaa cha kikombe mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka hakikunjiki tena.

"Mimi nilijua," alisema.

Mama akamgeukia.

"Siku moja nilikuta karatasi kwenye nyama, mama. Kipande kidogo kimeng'ang'ania mfupa. Kina rangi ya midomo. Nilidhani ni ua. Kisha nikafikiri. Nilikimeza haraka, mdogo wangu asije akaona. Alikuwa na njaa."

"Ukajua. Na bado ukala."

"Na wewe ulikuwa unaniambia niombe."

Mama alifunika uso kwa viganja. Viganja vilinukia sabuni, kama siku zote. Kutoka ndani ya viganja vile aliuliza swali ambalo alikuwa amelikimbia tangu binti huyu ana miaka kumi. Aliuliza alikuwa anaomba nini.

Nesi aliangalia picha ya kurasa mbili, fisi kwenye mwanga.

"Niliwaombea fisi," alisema. "Kwamba wapate na wao. Maana tumekula chao."

*

Fundi alirudi, kidevu kinachuruzika maji. Alikaa mahali pake. Alikuwa amesikia ya mwisho, kwa sababu dirisha la uani lilikuwa wazi. Macho yake yalikuwa mekundu, na mtu asingeweza kusema kama ni kwa kukohoa au kwa jambo jingine.

Aliangalia watu wa roshani kwa muda mrefu, mmoja mmoja, bilauri kwa bilauri, kama anatafuta ni yupi.

"Kumbe tulikuwa tunakula hotelini kabla ya wenzetu," alisema. Alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. "Dada, wapigie. Waambie hatuji."

Nesi akapiga. Alikuwa na sauti yake ya wodini, tulivu, isiyo na mlango wa kuingilia. Aliyekuwa upande wa pili aliuliza sababu, ili aijaze kwenye fomu. Nesi alimwambia aandike kwamba mgeni rasmi amewahi kufika huko.

Halafu ikabaki orodha mezani, na darubini, na kofia, na mtoto ambaye alikuwa amejua jambo kubwa bila kuambiwa ni kubwa kiasi gani. Aliuliza kama ina maana kitabu kimesema uongo. Shangazi yake akamwambia ndiyo. Aliuliza kama fisi nao walidanganywa.

"Fisi walikula," bibi alisema. "Hawakujua wanatazamwa kwa ajili gani."

Mtoto aliuliza kama basi hawaendi kabisa.

Fundi ndiye aliyesema. Alisema kuna lango la hifadhi la upande wa pili, la watu wote, ambalo linafunguliwa asubuhi. Alisema ana gari lake la kazi, atatoa nyaya na ngazi. Watabeba chai, mayai ya kuchemsha na viazi, watazunguka, watarudi jioni. Hakuna roshani wala taa. Wakipita tembo, wamepita. Alisema yote hayo bila kumtazama mama yake, akipindapinda kamba ya ile kofia. Kisha akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu habari ya mfupa.

"Nyama hatubebi," alisema.

"Hatubebi," mama alisema.

"Na tusipoona kitu?" mtoto aliuliza.

"Tutakuwa tumekwenda na bibi yako."

Hakusema amemsamehe, na mama hakumwomba. Alivuta kikombe chake cha chai kilichopoa, akakinusa kwanza kabla ya kunywa. Alikinusa. Mama aliona. Pengine atanusa kila kitu kuanzia leo, chakula cha mkewe, chakula cha harusi, chakula cha msiba. Hilo nalo litakuwa limetoka mkononi mwa mama yake.

Kinyaa hakikuondoka. Tusidanganyane. Lakini kwa kuwa sasa walikuwa watatu wa kukibeba, kiliteremka kidogo, kikatoka kooni, kikaacha njia. Na pale kilipokuwa, baada ya miaka mingi, yakapita maneno. Aliwaambia wanawe wafumbe macho. Akaomba yeye. Aliomba kwa sauti inayofika kwenye dari, maneno machache: asante kwa kilichotufikisha hapa, Bwana, hata kile. Na wale tuliokula chao, wakumbuke.

*

Mjukuu alikuwa amechukua mkasi.

Alikaa chini, ulimi umetokeza penye pengo, akamkata fisi. Alimzunguka polepole, sikio kwa sikio, mguu kwa mguu, akamtoa kwenye kurasa mbili bila kumjeruhi. Kilichobaki ni roshani, watu wake na bilauri zao, wanacheka juu ya tundu lenye umbo la mnyama. Hicho bibi alikichukua mwenyewe. Alimenyea viazi juu yake, akakikunja pembe kwa pembe kama shuka, akakitia kwenye pipa.

Fisi alipelekwa uani. Mtoto alimbana kwenye kamba kwa kibanio cha nguo, kati ya mashuka mawili ya bibi yake, meupe, ya nyumbani, yaliyolaliwa na watu wanaojulikana.

Jua lilikuwa linashuka. Mwanga ulikuwa wa njano, lakini mwembamba, wa bure, haukumwagwa na mtu. Ulipita kwenye mashuka, ukapita kwenye karo ambako fundi alikuwa ameosha kinywa chake, ukafika ukutani na kuendelea ng'ambo, haukusimama popote. Mama Shuka aliketi kwenye kigoda akamtazama yule mnyama. Hakuna aliyempigia makofi. Chini yake hapakuwa na mawe matatu, wala majani ya kufunikia, wala kitu cha kula.

Upepo ukaja. Mashuka yakajaa. Fisi akatikisika kwenye kamba, akageuka upande, kama mtu aliyesikia akiitwa, na safari hii hataki kwenda.